Choo kwenye bawa au katikati? Kupanga vyumba vya nyumba ya kontena inayopanuka, Kisumu

Mwalimu wa Kano ameuliza:

Hamjambo nyote. Nina ploti ya futi 50 kwa 100 upande wa Ahero, kwenye uwanda wa Kano, na baada ya kupiga hesabu ya mawe, simiti na malipo ya mafundi kwa muda wa miaka miwili, nimeamua kununua nyumba ya kontena inayopanuka, ile ya futi 20. Muuzaji amenieleza kwamba ikiwa imekunjwa ina urefu wa mita 5.9 na upana wa mita 2.2, na mabawa yake mawili yakishafunguliwa upana hufika mita 6.3, yaani mita za mraba 37 hivi kwa jumla. Tutakaoishi humo ni mimi, mke wangu, watoto wetu wawili wa shule ya msingi, na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua na usiku huamka mara mbili au tatu kwenda msalani.

Nimetumiwa ramani mbili. Ya kwanza ina bafu na jikoni katikati, vyumba viwili vya kulala kwenye bawa moja, na bawa la pili lote ni sebule. Ya pili ina vyumba vitatu vya kulala kwenye bawa moja, na cha mama kimewekewa choo chake pembeni, humo humo kwenye bawa. Moyo wangu umeelekea ya pili kwa ajili ya mama. Muuzaji anataka nyongeza ya fedha kwa kazi hiyo na anasema mabomba yatapitishwa chini ya sakafu bila tatizo. Je, inawezekana kuweka choo kwenye bawa na kikadumu? Na nyumba yenyewe niielekeze upande gani? Ningefurahi kumsikia mtu aliyewahi kujenga au kuishi katika nyumba ya aina hii.

Fundi Bomba, Kondele:

Mwalimu, tafadhali usilipe hiyo nyongeza. Kabla ya kuchagua ramani, omba kuonyeshwa nyumba kama hiyo ikifunguliwa, hata kwa video, kwa sababu mpangilio wa vyumba hufuata namna inavyofunguka. Paa la bawa huinuliwa kwanza kutoka ubavuni, kisha sakafu yake, ambayo wakati wote wa safari ilikuwa imesimama wima kama mlango, hulazwa chini kwa bawaba, ndipo ukuta wa nje husimamishwa na kuta za miisho huzungushwa na kufungwa mahali pake. Sehemu isiyokunjwa ni sanduku la katikati peke yake. Ndiyo sababu huko kiwandani choo, sinki, mabomba na kisanduku kikuu cha umeme hufungwa katikati na kufika kwako vikiwa tayari.

Sakafu ya bawa imefanywa nyembamba na nyepesi ili iweze kukunjwa. Ukiitoboa kwa ajili ya bomba la choo la inchi nne, bomba hilo litaning'inia chini ya sakafu inayobebwa na miguu yake yenyewe, mbali na msingi wa sanduku la katikati. Udongo mweusi wa Kano huvimba masika na kupasuka kiangazi. Bawa likititia au kuinuliwa sentimita moja tu kuliko katikati, kiungo cha bomba huachia, na maji machafu yanamwagika mahali ambapo hutapaona mpaka harufu ikuite. Nimeshawahi kuitwa kutengeneza bomba la namna hiyo, na nililazimika kulala kifudifudi chini ya nyumba huku nikiona mwanga ukipenya kati ya bomba na kiungo chake.

Ila haja yako ya mama inaweza kutimizwa bila kugusa sakafu ya bawa. Weka bafu mwisho wa nyuma wa sanduku la katikati, lichukue upana wote na urefu wa mita 1.5 hivi. Chumba cha mama kiwe kwenye bawa, ubavuni kabisa mwa bafu hilo, kwa hiyo kati ya kitanda chake na choo kutakuwa na paneli moja tu. Agiza mlango uwekwe kwenye paneli hiyo. Sinki la jikoni liegemee upande wa pili wa ukuta wa bafu, ili maji safi na machafu ya nyumba nzima yawe kwenye ukuta mmoja. Kwa watu wengine, mlango wa pili wa bafu ufungukie bawa la upande wa pili. Bomba la kwenda kwenye shimo la maji machafu lipewe mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, na umbali huo uupime mapema, kwa kuwa shimo likiwa mita 10 kutoka nyumbani bomba litakuwa limeshuka sentimita 25.

Mkaazi wa Kiamunyi, Nakuru:

Nimeishi katika nyumba ya ukubwa huo huo kwa miaka mitatu, na ninaunga mkono maneno ya fundi. Nitaongeza jambo la vipimo, maana hapo ndipo mimi niliumia.

Ukitoa mita 2.2 za katikati kutoka kwa 6.3, kila bawa linabaki na mita 2 na ushee, na ukitoa unene wa ukuta upana wa ndani hauzidi mita 2. Kitanda cha futi tano kwa sita kina urefu wa mita 1.83. Kikilazwa kukata upana wa bawa, kichwa kinagusa ukuta wa nje na miguuni hapabaki hata kiganja cha kutosha kuteremsha shuka. Kwa hiyo mlango wa chumba hauwezi kuwa mbele ya kitanda, sharti uwe kwenye ile sehemu iliyobaki wazi pembeni. Bawa likigawanywa vyumba viwili, kila kimoja kitakuwa na urefu wa karibu mita 2.85, na ukiweka kitanda cha futi nne utabaki na mita 1.6 za kusimama, kuvaa na kufungua mlango. Vyumba vitatu kwenye bawa moja, kama ilivyo kwenye ramani yako ya pili, maana yake ni mita 1.9 kwa kila chumba. Humo kitaingia kitanda cha futi tatu na njia ya kupita, basi. Mzee mwenye magoti mabaya hawezi kugeuka humo bila kujishikiza ukutani. Watoto nao watahitaji nafasi ya kuketi na kuandika.

Ramani niliyopewa mimi ilichorwa bila samani hata moja, nami nikaitia sahihi. Nyumba ilipofunguliwa, soketi mbili za chumba changu zilikuwa nyuma ya kabati, swichi ya taa ilikuwa nyuma ya mlango, na dirisha la chumba cha watoto lilikuwa usawa wa kichwa cha kitanda, mahali ambapo baridi ya usiku ya Nakuru huingia na umande hutiririka kwenye fremu mpaka godoro likaanza kuota ukungu. Kuta hizi ni paneli zenye mabati pande zote mbili, na nyaya hupitishwa wakati wa kuunganishwa, kwa hiyo kuhamisha soketi baadaye humlazimu fundi kupitisha nyaya kwenye mifereji ya plastiki juu ya ukuta.

Ombi langu ni hili: kabla ya kutia sahihi, chora nyumba yako yote chini, kwenye ploti, kwa kamba na majivu, kwa vipimo vya ndani. Tandika mkeka mahali pa kitanda, weka kiti mahali pa kiti, kisha watu wa nyumbani watembee humo kana kwamba wanaishi. Nilifanya hivyo baada ya kuharibikiwa, nilipokuwa natafuta namna ya kupanga upya, na kwa dakika ishirini niliona makosa ambayo karatasi haikuwahi kunionyesha.

Dada wa Kakamega:

Ndugu zangu wamesema vyema, lakini sikubaliani na fundi kuhusu mlango wa pili wa bafu. Kama bawa la upande wa pili ni sebule, basi choo kitakuwa kinafungukia wageni. Mkwe akija kutembea, au wazee wakikaa kwa ajili ya mazungumzo ya mahari, nani atainuka mbele yao na kuufungua mlango huo? Tena bafu lenye milango miwili huleta adha ya kufuli: mtoto hufunga upande wa mama asiingiliwe, akatoka upande wa pili na kusahau, na bibi yake akabaki usiku wa manane akisukuma mlango. Afadhali meza ya jikoni ipunguzwe hadi mita 1.2, mlango wa pili utokee jikoni, na upande wa mama uwekewe kitasa kinachoweza kufunguliwa kwa sarafu kutoka nje.

Jambo jingine halijaguswa, nalo ni moto. Muulize muuzaji kilichomo ndani ya paneli. Nyingi hujazwa povu jeupe jepesi, na likishika moto huyeyuka na kutoa moshi mzito wenye sumu. Zipo zinazojazwa sufu ya mawe, ambayo haiwaki, na hata kama zinaongeza gharama ningekusihi uzichukue, angalau kwa kuta za jikoni na vyumba vya kulala. Mtungi wa gesi ukae nje, ndani uingie mpira tu. Jiko la makaa lisivuke kizingiti, hata siku ya mvua, na kama mama amezoea kupika kwa kuni mjengee jiko lake kando, mita kadhaa kutoka kwenye nyumba. Na kwa kuwa sisi sote huweka vyuma madirishani kwa hofu ya wezi, hakikisha kila chumba cha kulala kina dirisha moja ambalo vyuma vyake hufunguka kutoka ndani. Huku kwetu radi ni za kila wiki wakati wa mvua, na fremu yote ni chuma, hivyo fundi umeme aiunganishe na ardhi ipasavyo kabla hamjalala humo.

Mwalimu wa Kano:

Nawashukuru sana. Ramani ya pili nimeiacha. Dada, hoja ya wageni imemgusa mke wangu mara moja, naye amesema mlango utokee jikoni.

Limebaki jambo linalonitia wasiwasi. Majirani wananishauri niinue nyumba sentimita 60 kutoka ardhini kwa sababu ya mafuriko ya mto Nyando. Nikiinua hivyo, mama atapandaje? Na bado sijajua nielekeze upande gani.

Fundi Bomba, Kondele:

Dada, nimekubali. Mlango wa jikoni ni bora kuliko wangu.

Mwalimu, majirani wako wana haki, inua. Lakini usiache msingi uamuliwe na wenye lori. Chimba udongo mweusi utolewe mpaka ufike penye ardhi ngumu, jaza moramu ishindiliwe kwa matabaka, ndipo usimamishe nguzo za zege. Nguzo za mabawa zichimbwe kina kile kile cha nguzo za katikati, wala zisipewe hadhi ya chini kwa kuwa mabawa ni mepesi, maana sakafu hizo zikitofautiana usawa, mpira wa kuzibia kwenye mstari wa bawaba huachana na maji ya mvua hupita hapo hapo.

Kuhusu mama, njia ya mteremko inayofaa hupanda kimo kimoja kwa kila urefu wa kumi na mbili, hivyo kwa sentimita 60 utahitaji mita 7.2, ambazo ni ndefu kuliko nyumba yenyewe. Ploti yako ina nafasi, kwa hiyo ipitishe ubavuni na kuifikisha kwenye baraza. Kama bado anapanda ngazi, vidato vinne vya sentimita 15 vyenye vishikio pande zote mbili vinatosha kwa sasa, lakini iache wazi sehemu ya mteremko kwenye mchoro. Baraza iwe usawa mmoja na sakafu ya ndani, pasiwe na kizingiti cha kujikwaa.

Kuhusu upande, sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo ukuta unaoumizwa na jua ni wa mashariki asubuhi na wa magharibi alasiri. Weka bawa la vyumba vya kulala mashariki, ili joto lake liwe limepoa kabla ya usiku. Sebule iwe magharibi, na mbele yake ujenge baraza yenye paa la kina la kuukinga ukuta ule. Alasiri upepo wa ziwani hutoka upande huo huo, nanyi mtaupata mkiwa mmekaa kivulini. Madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini. Ukipata fedha baadaye, funika nyumba yote kwa paa la pili la mabati lililoachiwa nafasi ya hewa juu ya lile la kiwandani. Litapunguza joto na kelele ya mvua, na litakupa maji ya kuvuna kwenye tangi.

Mwalimu wa Kano:

Jumamosi tulikwenda kwenye ploti na kamba, vigingi na ndoo ya majivu, tukachora kila kitu kwa vipimo vya ndani. Mama aliketi kwenye mkeka uliokuwa kitanda chake, akainuka polepole, akatembea hatua nne akafika chooni. Kisha akasema kitanda kigeuzwe, kwa sababu huinuka kwa mkono wa kulia na pale tulipokiweka mkono wa kulia ulikuwa upande wa dirisha, hakuna cha kushika. Tumekigeuza, na tumeongeza kishikio ukutani kando ya mlango wa bafu, pamoja na swichi ya taa anayoifikia akiwa bado amelala. Watoto waligundua kwamba mlango wao ukifunguliwa unagonga wa bibi yao, hivyo mlango wao utakuwa wa kuteleza. Mchoro huo mpya nimempelekea msanifu aliyesajiliwa autayarishe kwa ajili ya kibali cha kaunti, na nimemwandikia muuzaji kwamba malipo ya kwanza yatatoka kibali kikishapatikana.

Mkaazi wa Kiamunyi, Nakuru:

Vyema sana, mwalimu. Kwa kishikio hicho cha ukutani, mwagize muuzaji aweke ubao au bamba la chuma ndani ya paneli mahali hapo, huko huko kiwandani. Bati la paneli peke yake halibebi uzito wa mtu, skrubu zitang'oka.