Residensi za manesi wapya Marekani: mafunzo ya kazi ya mwajiri yamegeuzwa deni la nesi

Wakuu, hasa ndugu zetu mnaomaliza uuguzi huko Minnesota, Texas, Georgia na Washington msimu huu: kabla hujasaini mkataba wowote wa residensi, soma uzi huu wote. Naandika kwa hasira na sitaificha, kwa sababu mambo haya yanafanyika wazi na watu wetu wanaendelea kusaini bila kusoma.

Kwa asiyejua, residensi ya uuguzi ni utaratibu ambao hospitali inamwajiri nesi aliyetoka tu chuoni na kumlea kwa mwaka mmoja. Anapewa prisepta, yaani nesi mzoefu anayefanya naye zamu bega kwa bega. Kwenye wodi za kawaida huwa ni wiki 10 hadi 12, ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) na dharura wiki 16 hadi 20, chumba cha upasuaji miezi 6 au zaidi. Kila mwezi kuna darasa la saa 4 hivi pamoja na wenzake walioajiriwa kundi moja, na mwishoni wanawasilisha mradi mdogo wa kuboresha huduma. Wazo lenyewe ni zuri. Marlene Kramer alieleza mshtuko wa nesi mpya tangu 1974, programu inayojulikana leo kama ya Vizient (kampuni ya huduma kwa hospitali) na AACN (umoja wa vyuo vya uuguzi) ilianza 2002, na mwaka 2010 ripoti ya Institute of Medicine, taasisi ya ushauri wa afya ya Marekani, ikapendekeza residensi nchi nzima. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni karatasi inayoletwa na HR, idara ya waajiriwa, siku ya kusaini.

Karatasi hiyo inasema utafanya kazi miaka miwili, na ukiondoka kabla utalipa dola 5,000, au 10,000, au 15,000 na zaidi, kama "gharama za mafunzo". Mafunzo gani? Yachambue moja moja. Siku za kumkaribisha mfanyakazi mpya. Darasa la mfumo wa kompyuta wa hospitali hiyo. Namna ya kutumia pampu zao za dripu. Sera yao ya kuongeza damu. BLS, yaani mafunzo ya msingi ya kuokoa maisha. Kisha wiki za prisepta. Karibu kila kitu hapo hata nesi mwenye miaka 15 kazini anapitishwa akiajiriwa, kwa muda mfupi zaidi, na hadaiwi senti. Wewe ukimaliza huondoki na cheti ambacho bodi ya uuguzi ya jimbo inakihesabu. Hospitali ya pili itakuanzishia orientesheni yake upya. Halafu muda wote huo ulikuwa unahudumia wagonjwa wanaotozwa kwa kila siku ya kitanda.

Watetezi wao husema residensi ni ghali. Kweli ni ghali, na kuna sababu. Residensi ya madaktari inabebwa kwa kiasi kikubwa na fedha za Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Hata mwaka wa kwanza wa residensi ya wafamasia una njia ya kurudishiwa gharama na Medicare. Ya nesi haina mfuko wa namna hiyo, kwa hiyo hospitali inatoa pesa zake. Basi nendeni mkadai Bunge la Marekani liwape fedha! Badala yake mzigo unashushwa kwa binti mwenye mkopo wa chuo ambaye hata malipo yake ya kwanza hajayaona. Na faida ya residensi, yaani manesi wapya kutokukimbia mwaka wa kwanza, ni ya hospitali kwanza. Mwajiri ananufaika mara mbili na bado anataka kulipwa.

Sasa vipengele vyenyewe.

Angalia saa ya mkataba inaanza kuhesabu lini. Wengi wanadhani miaka miwili inaanza siku ya kuajiriwa. Mikataba mingine inasema "miaka miwili baada ya kukamilisha residensi". Residensi ni mwaka mmoja, kwa hiyo umefungwa miaka mitatu. Angalia kama deni linapungua kila mwezi au linabaki zima hadi siku ya mwisho, maana kuna mikataba ambayo ukiondoka mwezi wa 23 unadaiwa sawasawa na aliyeondoka mwezi wa 2. Angalia maneno "kwa sababu yoyote". Hayo yanamaanisha hata wakikufukuza wao, unadaiwa. Angalia kama kupunguza saa, kuhamia wodi nyingine au tawi jingine la hospitali hiyo hiyo kunahesabiwa kuwa umevunja mkataba. Angalia kama likizo inasimamisha saa. Dada zangu, hili ni lenu: likizo ya FMLA, sheria ya shirikisho ya likizo ya familia na ugonjwa, inahitaji uwe umefanya kazi miezi 12 na saa 1,250, kwa hiyo ukijifungua mwaka wa kwanza haikulindi, na unachopewa kinategemea sera ya mwajiri na sheria ya jimbo.

Bonasi ya kusaini nayo ina mtego wake. Ukipewa dola 10,000, kodi ya shirikisho hukatwa mara nyingi asilimia 22, na michango ya Social Security (mafao ya uzeeni) na Medicare asilimia 7.65. Mkononi unabaki na 7,035, kabla jimbo halijachukua chake. Ukiondoka mwaka wa kodi unaofuata, mikataba mingi inadai 10,000 nzima, ikiwemo pesa ambayo hukuwahi kuigusa. Kuna njia ya kudai nafuu kwenye kodi ukirudisha zaidi ya dola 3,000, lakini utaipata baadaye, ukijaza fomu, huku mwajiri anataka yake leo.

Wanafunzi wa viza ya F-1 ndio wanaonitia uchungu zaidi. OPT, kibali cha kufanya kazi baada ya kumaliza chuo, ni miezi 12. Uuguzi haumo kwenye orodha ya fani za STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), kwa hiyo ile nyongeza ya miezi 24 huipati. H-1B, viza ya kazi zinazodai shahada, kwa nesi wa wodini ni ngumu, kwa kuwa kazi hiyo kwa kawaida haihesabiwi kuwa inalazimu shahada. Sasa mwenye kibali cha miezi 12 anasainishwaje mkataba wa miezi 24? HR wanaiona nyaraka yako ya kazi, tarehe ya mwisho imeandikwa pale. Kama hospitali haijaahidi kwa maandishi kukuombea green card, umesaini deni ambalo lazima likukute. Na usisahau kikomo cha siku 90 za kukaa bila kazi ndani ya OPT. Residensi huanza kwa makundi, mara nyingi machache kwa mwaka. Ukichelewa kufanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, ukakosa kundi, siku hizo zinaendelea kuliwa.

Kuna mtego mwingine unaowanasa watu wetu kwa wingi kwa sababu wengi wameanzia kwenye nyumba za wazee wakiwa CNA (msaidizi wa nesi) au LPN (nesi wa ngazi ya chini). Umepata RN, yaani leseni ya nesi kamili, kazi ya hospitali haijatokea, bili zinakimbizana, unachukua kazi ya RN kwenye nyumba ya wazee. Miezi 12 baadaye unaomba residensi. Jibu: wewe si nesi mpya tena, nafasi hizi ni za wenye chini ya mwaka mmoja wa RN. Unaomba nafasi ya kawaida. Jibu: huna uzoefu wa hospitali. Umefungiwa milango miwili, na nyuma ya kila mlango kuna watu wanaolia hadharani kwamba manesi hawatoshi. Ukitaka hospitali, anza kuomba miezi 6 kabla ya kumaliza chuo, na ukiingia nyumba ya wazee usikae mpaka ufikie mwaka bila kuwa umeshatuma maombi. Miaka ya LPN kwa kawaida haikuzuii kuingia residensi, ila pia mara nyingi haikupandishi ngazi ya mshahara. Uliza.

Haya, tuseme umesaini. Twende wodini, kwa maana huko ndiko mkataba unakuwa hatari kwa mgonjwa.

Orientesheni inayoeleweka hupanda taratibu: wiki za mwanzo mgonjwa mmoja au wawili, katikati watatu, wiki za mwisho idadi kamili huku prisepta akiangalia tu. Wewe na prisepta mnashirikiana orodha moja ya wagonjwa. Kinachofanyika kwenye wodi zenye upungufu ni kwamba prisepta ana wagonjwa wake, wewe una wako, na kwenye karatasi ya zamu mnahesabiwa manesi wawili kamili. Au prisepta ndiye pia kiongozi wa zamu, anagawa vitanda na kupokea simu. Au kila zamu unapewa prisepta mwingine, kila mmoja anaanza kukufundisha upya mambo yale yale, na hakuna anayejua umefika wapi. Kisha wiki ya 7 mtu anaacha kazi, nawe unaambiwa uko tayari kusimama peke yako.

Wasiojua waone maana yake. Zamu ya usiku, wagonjwa 5. Ripoti inaanza saa 1 jioni, inaisha saa 1 na nusu. Nesi mpya anahitaji kama dakika 20 kumpima mgonjwa mmoja sawasawa: mapafu, vidonda, mirija, dripu, maagizo ya daktari. Mara tano ni dakika 100, tayari ni saa 3 na dakika 10. Dawa za saa 3 usiku katika hospitali nyingi zina nafasi ya saa moja kabla na saa moja baada, kwa hiyo mwisho ni saa 4. Zimebaki dakika 50 kwa watu 5, mwenye dawa 8 na mwenye 10, kuskani bangili, insulini inayotaka jicho la nesi wa pili, bibi wa chumba cha tatu anayemeza kidonge kimoja kimoja. Mgonjwa mmoja tu akianguka au akashika kifua, hesabu yote imevunjika. Hapo ndipo heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inawekwa kwa kasi isiyo yake, si kwa uvivu wa mtu.

Nesi akisema "siko tayari", anaandikwa kuwa ni mzito. Anawekewa mpango wa kurekebishwa. Akishindwa anaachishwa, na ile "kwa sababu yoyote" inamfuata nyumbani na barua ya kudai deni. Akitaka kuondoka mwenyewe kabla hajaua mtu, anadaiwa vilevile. Silaha pekee aliyonayo nesi mpya dhidi ya wodi hatari ni kuondoka, na mkataba huu umeinunua mapema. Leseni iko kwa jina lake. Bodi ya uuguzi ikimwita haitapokea utetezi kwamba alikuwa na deni la dola 10,000.

Na lile darasa la kila mwezi! Linapangwa saa 2 asubuhi, mtu ametoka zamu ya usiku saa 1 na nusu, anakaa mpaka saa 6 mchana, kisha anaendesha gari kurudi nyumbani. Nani alipanga ratiba hii akidhani mtu atajifunza? Mkumbuke pia kwamba darasa la lazima linalohusu kazi yako ni saa za kazi kwa sheria ya shirikisho, lazima lilipwe. Mradi wa lazima unaoufanyia nyumbani vilevile. Andika saa zako.

Kisheria pametoka nafuu kidogo. California imepitisha sheria ya AB 692, inayopiga marufuku mikataba mingi ya aina hii iliyosainiwa kuanzia Januari 1, 2026, na mfanyakazi aliyedhulumiwa anaweza kudai hasara yake halisi au dola 5,000, kipi ni kikubwa. Bonasi ya kusaini bado inaruhusiwa kwa masharti: mkataba wake uwe tofauti na wa kazi, upewe siku 5 za kazi kumwona wakili, deni lipungue kadiri muda unavyokwenda, lisiwe na riba, na lisizidi miaka miwili. Hata kama hauko California, tumia masharti hayo kama kipimo unapojadiliana. Popote ulipo, makato kwenye malipo ya mwisho kwa ajili ya gharama za mwajiri hayaruhusiwi kukushusha chini ya kima cha chini cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa. Walioko Texas, mna Safe Harbor, kinga ya kisheria ya nesi: ukipewa kazi unayoamini itahatarisha wagonjwa, unaidai kwa maandishi kabla ya kuanza, au hali inapobadilika ndani ya zamu. Ukingoja mpaka zamu iishe umechelewa.

Kabla ya kusaini, omba nakala uende nayo nyumbani. Anayekataa kukupa amekujibu tayari. Kwa barua pepe, si kwa mdomo, waulize haya: wiki ngapi za prisepta na nani anaamua ziongezwe, prisepta atahesabiwa na orodha yake au mtashirikiana moja, ni lini naweza kupelekwa wodi nyingine, nikifukuzwa nadaiwa au sidaiwi. Omba neno "kwa sababu yoyote" libadilishwe liwe "akiacha kwa hiari". Kuna hospitali hukubali, hasa kwa wodi zinazohangaika kupata watu. Ukishaanza, weka daftari la kila zamu: tarehe, prisepta nani, wagonjwa wangapi wewe na wangapi yeye, bila jina la mgonjwa hata mmoja. Tatizo likitokea anza na prisepta, kisha mwalimu wa wodi, mratibu wa residensi, meneja, na kila baada ya mazungumzo tuma barua pepe fupi ya kuthibitisha mlichosema.

Wenye mikataba mkononi, futeni jina lenu na la hospitali, wekeni hapa kile kipengele cha kurudisha pesa, jimbo na mwaka wa kusaini. Tuanze na vile vyenye "kwa sababu yoyote".