Mnamalizaje kazi zenu za kufuma? Yangu imekwama mkono wa pili mwaka wa pili sasa

binti_kibokoni:
Salaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Swali langu fupi ila nitalizungusha kidogo mnisamehe. Jana nilikuwa nafagia mvunguni mwa kitanda nkakutana na kikapu changu cha ukili nilichokuwa nshakisahau, nkakimwaga kitandani nihesabu. Kofia mbili za mtoto hazijafungwa juu, soksi moja ambayo mwenziwe hata sijamwanza, nusu blanketi, na kadigani yangu mie mwenyewe rangi ya bahari niliyoianza mwaka juzi mvua za Mei zikinyesha. Ina mgongo, ina mbele zote mbili, ina mkono mmoja. Mkono wa pili umefika sentimita kumi hivi ukasimama, sindano zimo bado zimechomekwa vile vile kama mtu aliyeinuka kwenda kufungua mlango.

Sasa ajabu yenyewe, vya watu namaliza! Dada yangu alipojifungua nilitoa seti nzima, kofia, soksi na kisweta, kabla mtoto hajafika arobaini, na vifungo vya mwisho nilivishona ndani ya matatu foleni imeshika pale Mwembe Tayari, kondakta ananiangalia kama nimerukwa. Lakini cha kwangu hakiishi. Bwana anasema nafungua makumbusho mvunguni.

Na safari hii nina haja nayo kweli, mwezi wa saba nina harusi Nairobi na huko usiku hushuka mpaka nyuzi 12, na si nyuzi za kufumia. Hebu niambieni mnafanyaje mpaka kitu kinaisha? Na pia mshono wa ubavuni mnaupatiaje, maana wangu siku zote hutoka kama kovu la operesheni.

mama_zai:
Waaleikum salaam mwanangu. Nimefuma toka nikiwa Standard Six, nguo nilizoziacha njiani pia ninazo usidhani. Mkono wa pili ni ugonjwa unajulikana, umeshafuma kitu kile kile mara moja, raha yake imekwisha, sasa ni kazi tu. Dawa yake mie huanza mikono yote miwili pamoja kwenye sindano moja ndefu, kila mkono na bonge lake la uzi, natia laini moja, yaani mstari mmoja, huku na mmoja kule. Inakwenda polepole mpaka unataka kulia lakini siku ya kuisha inaisha yote, na kupunguza stichi, vile vitanzi vya sindanoni, kunatokea sawa hutakuwa na mkono mmoja mrefu.

Jambo la pili, mikia ya uzi. Watu wengi hawaachi kazi kwa sababu ya kufuma, wanaiacha kwa sababu ya ile mikia ishirini inayoning'inia ndani. Usiingoje mwisho. Ukibadilisha bonge, laini inayofuata kaa chini uifiche hapo hapo na sindano butu, halafu songa mbele.

Mshono sasa. Nakuona unashona kwa nyuma kama mtu anayefunga gunia la nazi, si ndio? Acha. Laza vipande viwili uso juu, ubavu kwa ubavu, kama watu wawili wamelala mkekani. Kati ya stichi ya pembeni kabisa na ile inayoifuata vuta kidogo kwa kidole, utaona vijiti vya uzi vimepangana kama ngazi. Pitisha sindano chini ya vijiti viwili upande huu, viwili upande ule, rudi huku, bila kukaza. Ukifika sentimita tano ndio unavuta uzi taratibu, vipande vinakutana vyenyewe na mshono unapotea huuoni. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa nilifumua nikarudia mara tatu kwa raha tu. Anzia chini uende juu, na siku nyingine ukianza stichi zako acha mkia mrefu wa kushonea, utajishukuru.

fundi_wa_changamwe:
mie ni mwanamume na nafuma, wa kucheka acheke alafu tuendelee 😄

Ushauri wangu ni tofauti na wa mama. FUMUA. Kitu kikikaa mwaka bila kuguswa basi hukitaki, unaona haya tu kukiambia. Uzi ni pesa, mie hata wa dukani sinunui sana, naenda Kongowea asubuhi bale zikifunguliwa natafuta masweta makubwa ya mitumba nayafumua. Ila angalia mshono wa ndani kabla hujalipa, ukiona ubavu umekatwa na mkasi halafu ukapigwa ovaloki wachana nalo, ukifumua utapata vijiuzi vifupi vifupi kila laini moja na kipande chake. Unataka lile ambalo ukingo wa kila kipande ni mzima, hapo uzi utatoka mmoja mpaka shingoni. Ukishafumua uzi utakuwa umejikunja kama tambi, uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usichanganyike, lowesha, tundika na kitu kizito kidogo chini, ukikauka umenyooka.

Kadigani yako fumua anza upya, utaimaliza kwa wiki tatu.

shoga_wa_bamburi:
Fundi una moyo wa jiwe wewe, mtu amebakisha mkono mmoja!!! dada usifumue. Maliza piga pasi ya mvuke itanyooka vizuri itakaa kama ya duka

mama_zai:
PASI? Ngoja kwanza. Uzi ni wa aina gani? Kama ni sufu au pamba mvuke sawa, tena juu juu pasi isiguse. Kama ni akriliki, ule uzi wa kiwandani usio sufu wala pamba, ukiuchoma umeuua, unalegea haurudi tena. Mie nimefanya hivyo kwa shali ya Idi ya wifi yangu, ilikuwa imejaa vizuri ribu zake, ile mistari ya kuvutika, zinarudi vizuri, nkaiwekea pasi nipendezeshe, ikatoka imelala laini kama leso iliyochakaa na inateleza mabegani. Nilimpa hivyo hivyo, mpaka leo anadhani ndivyo nilivyokusudia.

Kama lebo imepotea kata kipande cha uzi ukichome juu ya sinki. Sufu inanuka nywele zilizoungua na jivu lake ukilisugua linavunjika. Pamba inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka inakuwa kijitone kigumu cheusi, usikiguse kikiwa moto.

mkwaju_na_uzi:
Nimewasoma wote na nina swali moja kwa mwenye uzi huu, yaani mwenye mada 😅 dada hiyo kadigani umewahi kuipima? Si kuitazama, kuipima na tepu. Kwa sababu umesema vya watoto unamaliza, chako ndio hakiishi, na mie nina wasiwasi mkono wako unajua kitu ambacho kichwa kinakataa. Pateni, yaani maelezo ya kufumia, uliitoa wapi na sindano ni namba ngapi?

binti_kibokoni:
@mkwaju pateni niliitoa kwa mtandao ya Mmarekani mmoja, inasema sindano namba 8, na mie nilikuwa nazo namba 8 tayari za marehemu nyanya, kwa hivyo sikununua. Mgongo ni stichi 90. Kupima sijapima wallahi. Ngoja watoto walale.

mkwaju_na_uzi:
Nilijua!! Sindano za wazee wetu nyingi zina namba za zamani za Uingereza. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Na zinakwenda kinyume, ya Uingereza namba ikipanda sindano inakonda, ya Marekani ikipanda inanenepa, zinakutana kwenye 7 peke yake ambayo kote ni milimita 4.5. Ndio maana mie siku hizi siangalii namba, naangalia milimita tu, na kama sindano haikuandikwa naitia kwenye kile kibao chenye matundu.

Pateni ya namna hiyo mara nyingi inataka stichi 18 kwa sentimita 10, kwa hivyo stichi 90 zingekupa sentimita 50. Ukifumia milimita 4 na uzi wa kawaida utapata kama stichi 22, na 90 hizo hizo zitakuwa sentimita 41. Kapime mgongo, nakaa hapa nangoja.

binti_kibokoni:
41.

Arobaini na moja kasoro nywele. Nimekaa mkekani na tepu shingoni nacheka peke yangu saa tano usiku, bwana ametoka chumbani kuuliza kuna nini. Na mnajua nini, nilikuwa najua. Kila nikiitoa kikapuni nilikuwa nauweka ule mgongo kifuani mbele ya kioo, nauvuta kidogo huku, nauvuta kidogo kule, halafu nasema ah nitamaliza wikendi. Mwaka mzima namdanganya nani?

Uzi nimeuchoma pia, umekuwa shanga nyeusi. Akriliki. Kwa hivyo pasi hakuna na kuivuta inyooke hakuna.

fundi_wa_changamwe:
Si nilisema. Fumua.

mama_zai:
Fundi hebu nyamaza kidogo. Mwanangu, 41 mara mbili ni 82. Hicho ni kifua cha msichana wa miaka kumi na mbili kumi na tatu na nafasi ya kupumua. Huna msichana kwenu wa umri huo?

binti_kibokoni:
Ninaye!! Binti wa binamu yangu huko huko Nairobi tunakokwenda harusini, ana kumi na mbili na mwembamba kama mimi zamani. Rangi ya bahari ndio ataipenda, kila akija likizo hatoki majini.

shoga_wa_bamburi:
😂😂😂 sasa utaimaliza kwa sababu imekuwa ya mtu

binti_kibokoni:
Nimerudi kuwapa habari. Imeisha. Siku tano tu, shoga ulisema kweli, ilipobadilika kuwa zawadi mkono ule ulikwenda wenyewe mpaka nikauogopa. Mshono wa mama Zai nimeufanya, laini ya kwanza nilikosea nikaokota vijiti viwili upande mmoja na vitatu mwingine, ikaanza kupinda kama njia ya mnazi, nkafumua nkarudia. Sasa nikipitisha kidole ndani ndio naujua uko wapi, kwa nje hauonekani. Nimeilowesha maji ya kawaida, nikaikamua ndani ya taulo kwa kuikanyaga, nikailaza chini kivulini nikaipanga kwa mkono. Kwa hewa yetu hii ilichukua siku mbili kukauka.

Vifungo nimevipata Biashara Street, sita vya mbao, na nyuma ya kila kimoja nimeweka kijifungo kidogo kisije kikang'oa uzi. Mikono ni mirefu kidogo kwake, tutakunja, anakua bado. Bonge lililobaki nimelifunga kwenye mfuko pamoja na kifungo kimoja cha akiba nimtilie mfukoni.

Na yangu nimeanza juzi ya pamba, milimita 5, nimefuma kipande cha kujaribu kwanza nikakifua nikakipima kama mtu mwenye akili. Mikono yote miwili iko kwenye sindano moja. Nairobi nitakwenda na shali ya kununua, potelea mbali.

mkwaju_na_uzi:
Hongera sana dada. Na ile soksi moja?

binti_kibokoni:
Soksi usiniulize.