Mrejesho: kuzidisha orodha mbili kwenye Python

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa aliyeikosa habari ya mwanzo: nina orodha mbili za duka la mama, bei na idadi. Niliandika bei * idadi nikidhani kila bei itazidishwa na idadi yake, Python (lugha ya kuandikia programu) ikagoma. Nikijaribu +, inaziunganisha tu kichwa na mkia.

Nilifuata ushauri wa zip, inayooanisha vitu vya orodha mbili kimoja kimoja:

jumla = [b * i for b, i in zip(bei, idadi)]

Ikakubali papo hapo. Kwa [2800, 1500] na [3, 4] ikanipa [8400, 6000]. Furaha ilidumu hadi jioni, mama alipofungua daftari lake na hesabu zikakataa kulingana. Kumbe nilisahau kujaza idadi ya sabuni, bidhaa ya mwisho kabisa, na zip ikifika mwisho wa orodha fupi inaishia hapo kimya kimya. Aliyeniambia niweke zip(bei, idadi, strict=True) nilimpuuza, nisamehe mkuu. Sasa nimeiweka, urefu usipolingana inatoa kosa la ValueError. Inataka Python 3.10 au ya juu zaidi.

NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za namba nyingi kwa pamoja, ambayo nayo nilitaka kuijaribu, imenishinda. Natumia simu, usakinishaji ukakwama mara mbili, nikaachana nayo. Kwa bidhaa 40 za dukani zip inatosha.

Asanteni sana. Mama naye anawasalimu, ingawa anadhani Python ni jina la rafiki yangu.