Gari linapiga "tak" moja halafu kimya: betri, stata au waya?

MtuWaIpuli: Mwangaluka wakuu. Nina Toyota Carina ya gia otomatiki, niko Ipuli hapa Tabora. Wiki ya pili sasa linagoma asubuhi. Nikizungusha ufunguo taa za dashibodi zinawaka vizuri, nasikia "tak" moja nzito, basi. Nikirudia mara sita saba linashika, na siku nzima halisumbui tena. Fundi wa kwanza kasema ninunue betri. Wa pili kasema stata, ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha, imekufa, aniagizie ya mtumba kutoka Dar. Jirani anasema nifungue hiyohiyo niliyonayo. Pesa ya kujaribu yote matatu sina, na Jumamosi nampeleka mama hospitali Nkinga. Nianze na lipi?

FundiIsevya: Pole ndugu. Usinunue kitu kwanza. Betri iliyoishiwa nguvu mara nyingi hupiga "ta-ta-ta-ta" za haraka huku taa zikififia. "Tak" moja na taa zikabaki kali ni habari nyingine: solenoidi ya stata, yaani swichi yake ya sumaku, imevuta, lakini ule umeme mwingi haujafika kwenye mota. Stata ingekuwa inazunguka vizuri bila injini kuwaka, hapo tungeongelea pampu ya mafuta, plagi au fyuzi. Kwako hatujafika huko.

Mwanga_KG: Naunga mkono, maana mimi nililipia kutosikiliza. Nilikuwa natoka Uvinza kurudi Kigoma mjini, nikazima gari ninunue chumvi, halikuwaka tena. Kwa kuwa lilishanisumbua kabla ya hapo, nilikuwa nimeshafunga betri mpya, siku nne tu. Vijana wakasukuma hadi likashika, langu ni manyuo, gia za mkono. Nilipofika nyumbani ndipo mzee mmoja dereva wa lori akaniambia, "Mwanangu, umeangalia ethi?" Ule waya mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini ulikuwa umeliwa na kutu chini ya bolti, juu unaonekana mzima kabisa. Tukaufungua, tukapiga msasa hadi chuma king'ae, tukakaza. Hadi leo. Ile betri sikuihitaji.

(Wewe wa otomatiki usijaribu kusukuma. Haliwaki hivyo.)

DadaWaUrambo: Kabla ya spana, weka gia N badala ya P ujaribu kuwasha. Ila kwa kuwa "tak" inasikika, sidhani kama ni swichi ya gia, ile inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia. Mimi ningepima betri tu: ikisoma volti 12.6 ni nzima, mjadala umekwisha.

FundiIsevya: Dada yangu, hapo ndipo wengi wanapotea. Volti 12.6 gari likiwa limelala inasema betri imejaa, haisemi kama ina nguvu ya kubeba mzigo. Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.5 halafu ikaanguka hadi 8 stata ikiivuta. Ipime wakati mtu mwingine anazungusha ufunguo. Stata ikizunguka na volti zikabaki juu ya 9.6, betri haina kosa kubwa. Injini ikishawaka, zikicheza kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inachaji.

MtuWaIpuli, azima mita ya kupimia volti. Gia P, breki ya mkono juu, mikono mbali na mikanda. Pima betri wakati wa "tak", kisha pima ile bolti ya stata yenye waya mfupi unaoingia kwenye mota. Leta majibu.

MtuWaIpuli: Nimepima leo alfajiri. Betri imelala 12.5. Kwenye "tak" inabaki 12.3. Bolti ya kwenye mota inasoma sifuri. Teminali na ethi nimesafisha kama alivyosema ndugu wa Kigoma, hali ileile.

FundiIsevya: Umemaliza kazi. Betri haikushuka kwa sababu hakuna anayeivuta. Umeme unaishia ndani ya solenoidi, kwenye vile vipande viwili vya shaba. Hulika kila unapowasha, mwisho havigusani sawasawa. Ndiyo maana mara ya saba linashika. Bolti ile ingesoma 12 na mota isizunguke, ningesema kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu ya mota inayozunguka.

Sasa linganisha. Betri mpya haitakusaidia chochote. Stata ya mtumba inaweza kuja na shaba zilizolika kama zako, na hujui imezungushwa mara ngapi. Stata mpya ni nzuri, ila bei yake huihitaji. Shaba ni kitu kidogo, na stata nyingi za Toyota zinafunguka kwa spana za kawaida. Mimi ningefungua hiyohiyo, nibadilishe shaba, nikague kaboni nikiwa humohumo. Jirani yako yuko sahihi. Chomoa hasi ya betri kwanza, tafadhali. Ule waya mnene wa stata una umeme muda wote, spana ikigusa bodi ni moto.

DadaWaUrambo: Asante fundi, nimejifunza. Yangu nitaipima ikiwa na mzigo.

MtuWaIpuli: Wakuu, tumefungua jana jioni na jirani. Shaba moja imelika upande mmoja hadi imebaki nyembamba kama bati. Tumeweka mpya, kaboni bado ndefu. Leo saa kumi na mbili asubuhi limewaka mguso wa kwanza. Mama nimeshamwambia Jumamosi tunatoka mapema.

Mwanga_KG: Mfikishieni salamu mama. Zile shaba za zamani usitupe, mwonyeshe yule fundi wa betri.