Naomba ushauri: kaka amebadilika tabia baada ya kuumia ubongo

Habari zenu ndugu. Kaka yangu aliumia kichwa ajalini, na sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo iliyodhurika zaidi. Anatembea, anaongea vizuri, anakumbuka watu. Mgeni hawezi kujua kama ana tatizo. Lakini hasira zinamlipuka ghafla, anatoa maneno makali mbele ya watoto, kisha muda mfupi baadaye anashangaa kwa nini tumenuna. Haoni kabisa kwamba amebadilika. Daktari alitueleza kuwa sehemu hiyo ndiyo inayomsaidia mtu kujizuia, kwa hiyo si kiburi wala jeuri.

Mtaalamu wa saikolojia alitushauri tuandike kila tukio: nini kilitangulia, yeye alifanya nini, sisi tuliitikiaje. Tukagundua hulipuka zaidi akiwa amechoka au kukiwa na kelele. Tumepunguza kelele, anapumzika mchana, kuna nafuu.

Ninapokwama ni hapa: amegoma kuendelea na tiba ya tabia, anasema yeye si mgonjwa. Mliowahi kumuuguza mtu wa namna hii, mlimshawishije bila kumlazimisha? Na shemeji yangu, ambaye amechoka mno, tumpumzisheje bila kaka kuhisi ametelekezwa?