Tupeane uzoefu wa fomula za spreadsheet: IF ndani ya IF ilikuchoma wapi?

#1 (mleta uzi)
Wadau habari zenu. Mimi hushughulika na mishahara kwa kampuni ndogo huku Industrial Area na kuna mwezi mmoja unaniuma mpaka leo. PAYE, ile kodi ya mshahara, niliiandika kwa IF ndani ya IF (IF ni fomula ya "kama ni hivi, fanya hivi"), nikaanza na "ikipita 24,000 toza 25% ya kilichozidi", alafu huko ndani ndo nikaweka ya kupita 32,333 itozwe 30%. Sasa IF huanza kukagua sharti la kwanza, likiwa kweli inaishia hapo hapo, kwa hivyo ile 30% haikuwahi kuguswa hata siku moja. Mtu wa 45,000 inayotozwa kodi alikatwa 5,250 badala ya 5,883.35. Na shiti haikulalamika, kila seli ina namba. Ikabidi nifuate watu mmoja mmoja niwaambie mwezi ujao mtakatwa zaidi, mzee mmoja wa stoo akaniangalia tu akasema "hiyo ilikuwa nauli yangu dada."

Saa hii natumia hii:
=MAX(0,B2*10%+MAX(0,B2-24000)*15%+MAX(0,B2-32333)*5%-2400)
B2 ni mapato yanayotozwa kodi, 2400 ni nafuu ya kodi inayotolewa mwishoni. Kila ngazi inaongeza tu tofauti yake, iko sawa hadi 500,000. Yako ilikuwa gani?

#2
Pole dada. Mimi nauza viatu Gikomba, stetimenti ya till nikaipakua nikapiga SUM nijumlishe, jibu 0! Siku nzima natafuta kosa kwa fomula na fomula haina shida, namba ziliingia kama maandishi, na SUM huruka maandishi. Angalia zimelala upande gani, zikiegemea kushoto na si wewe umezipanga hivyo, shuku. VALUE, inayogeuza maandishi kuwa namba, ilinitoa hapo.

#3
Yangu ni IFERROR, ile ya kuficha kosa na kuleta jibu ulilochagua, na nawasihi msiiweke kabla hamjajua kosa lenyewe. Chama chetu natafuta michango kwa VLOOKUP, inayotafuta jina kwa orodha na kuleta namba yake, nikaifunika na IFERROR ilete 0 ndo shiti ikae safi. Mama mmoja akasomwa mbele ya wenzake kwamba hajatoa kitu miezi mitatu, na alikuwa ametoa yote. Jina lake lilikuwa na nafasi moja tu mwishoni, haionekani kwa macho. TRIM, inayoondoa nafasi za ziada, ikamaliza hiyo shida lakini yeye alilia, na niliomba msamaha kikao kizima wakisikia.

#4
Mi fomula huandika kutoka ndani kuja nje, kila kipande kwa seli yake, kikijibu vizuri ndo nakiingiza kwa kingine, hata mabano hayanipotei. Na jaribuni namba za mpakani jamani, 24,000 na 24,001, 32,333 na 32,334, makosa hukaa hapo.

#1
@3 nimetoka kupitisha TRIM kwa orodha yetu ya wafanyikazi, majina mawili yalikuwa na nafasi. Kesho asubuhi naanza na hao wawili.