Mliohudumu vijijini Thailand: mtu akitaka kubatizwa, nyumbani kwao wanasemaje? Tupeane uzoefu

Mzee wa Kata
Wakuu, salaam. Kanisani kwetu kuna kijana anajiandaa kwenda Thailand kufundisha Kiingereza na kulea kanisa dogo la kijijini. Kwenye semina wamemjazia daftari zima mafundisho ya Buddha. Mimi nimemwambia akaulize kwanza habari za akina mama.

Nilikaa Isan, kaskazini-mashariki, na sikumbuki mtu aliyeipinga Injili kwa hoja. Wanakusikiliza, wanakukaribisha embe na wali wa kunata, halafu wanakwambia dini zote zinafundisha mema. Mjadala umeishia hapo. Kazi iko nyumbani. Mtoto wa kiume anatarajiwa aingie utawa wa Kibuddha angalau kwa muda mfupi, mara nyingi kabla ya kuoa, na thawabu zake zinakwenda kwa wazazi, hasa mama. Wanaamini mama atafika peponi kwa kushika pindo la vazi la njano la mwanawe. Sasa kijana akibatizwa, mama anashika nini?

Mliopita huko, semeni mliyoyaona. Mahubiri tunayo ya kutosha.

Chaki na Vumbi
Mzee umegusa penyewe. Nilikuwa mwalimu shule ya kijiji, huko huko Isan. Kaka wa mwanafunzi wangu alikuwa anakuja kwenye ibada ya nyumbani, anaimba, anasoma Biblia kuliko hata sisi. Ikakaribia Julai, msimu wa mvua ambao watawa wanatulia hekaluni miezi mitatu, na ndipo vijana wengi wanaponyolewa nywele na kuingia utawa. Mama yake akaanza kuweka akiba ya sherehe. Kijana akaacha kula vizuri.

Sisi wageni tulitaka asimame imara, tena hadharani. Mchungaji, ambaye ni Mthai, mtoto wa mkulima wa mpunga, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya ya kwake. Alikwenda kwa yule mama, akaketi sakafuni chini kuliko yeye, wakazungumza habari za mvua na bei ya mpunga. Akaenda tena na tena. Dini hakuitaja. Ilipofika tarehe 12 Agosti, Siku ya Mama kule kwao, akaalika akina mama wote wa kijiji kanisani. Vijana wa kanisa walipiga magoti mbele ya mama zao, wakawapa maua ya yasmini na kuwashukuru mbele ya majirani. Yule mama alilia sana.

Msidhani kijana alibatizwa. Mama alisema mwanawe anaweza kuendelea kwenda kanisani, utawa usubiri, ila ubatizo nao usubiri mpaka bibi afariki. Nilipoondoka bibi alikuwa mzima wa afya, anatafuna tambuu.

Kabati la Vitabu
Niwaongezee historia kidogo. Wamisionari wa Kimarekani wa bodi ya Wakongrigesheno walikaa Bangkok tangu 1831 hadi 1849, wakafunga virago bila kumpata Mthai hata mmoja. Wapresibiteri walimbatiza wa kwanza wao 1859. Na hao wa bodi ya kwanza ndio akina Dan Beach Bradley, daktari aliyeleta chanjo ya ndui na mtambo wa kuchapa! Watu walipokea dawa na magazeti, dini wakaiacha mezani.

Mwaka 1867 mmisionari Mpresibiteri, Daniel McGilvary, akapanda kaskazini, Chiang Mai. Alikuwa na rafiki msomi, Nan Inta, aliyewahi kuwa mtawa. McGilvary alimweleza mapema kwamba tarehe 18 Agosti 1868 jua litapatwa, na likapatwa kweli. Imani za zamani kuhusu kupatwa kwa jua zikamtoka Nan Inta, akabatizwa Januari 1869. (Kupatwa huko huko ndiko Mfalme Mongkut wa Thailand alikopigia hesabu mwenyewe, akaenda pwani kukutazama, akarudi na malaria na kufariki Oktoba.) Septemba 1869 mtawala wa Chiang Mai akaamuru waumini wawili, Nan Chai na Noi Sunya, wauawe.

Sasa jambo linalomhusu Mzee wa Kata. Amri ya uhuru wa dini ya 1878 ilitokana na harusi. Wakristo wawili walitaka kuoana, mkuu wa ukoo akadai ada ya mizimu kama ilivyokuwa desturi, wao wakakataa kulipa. Shauri likapanda mpaka likagusa Bangkok. Kwa hiyo hata uhuru wa dini kaskazini ulianzia kwenye ugomvi wa ukoo.

Binti wa Parokia
Kwetu Wakatoliki kumbukumbu kubwa ni Songkhon, kijiji cha kando ya mto Mekong. Desemba 1940, Thailand ikigombana na Wafaransa waliotawala Indochina jirani, Mkatoliki alionekana mtu wa Wafaransa. Katekista Philip Siphong aliuawa, kisha masista wawili na waumini wengine wanne, wote wanawake na wasichana. Papa Yohane Paulo II aliwatangaza wenye heri 1989. Nilihiji pale. Wengi wa wauaji na wauawa walikuwa Wathai wenyewe kwa wenyewe, hilo lilinikaa.

Kuhusu familia: kipimo ni msiba. Masista niliofuatana nao waliketi ndani na wafiwa, watawa wakisoma dua zao, wakabaki mpaka usiku wakisaidia jikoni. Waumini wa kanisa jingine walisimama nje getini. Kijiji kizima kiliona nani yuko wapi.

Nesi Mstaafu
Mimi ni Mkenya, nilitembelea mikoa ya kati. Kule wazee wa makanisa mengi ya zamani walianza kama wagonjwa wa ukoma. Wamisionari waliofukuzwa China walihamia Thailand miaka ya 1950, wakafungua kliniki za ukoma vijijini na hospitali ya Manorom, 1956. Aliyekuwa amefukuzwa na ukoo hakuwa na mama wa kumzuia. Akaamini upesi. Shida ikawa jirani mzima anasema, hilo ni kanisa la wenye ukoma, mimi nitafuata nini? Sijui kama wenzetu waliiona mapema.

Papa wa Goma
Niko upande wa Mae Sot, mpakani na Burma. Huku ni tofauti kabisa. Wakareni, kabila la milimani, wanabatizwa kijiji kizima, mzee akikubali wote wanakubali, na wengine walivuka mpaka tayari ni Wabaptisti wa tangu mababu. Jumapili nyimbo zinasikika mlima mzima. Lakini shuka bondeni kwa Wathai: watakuambia Yesu ni wa watu wa milimani. Wakristo wa nchi nzima ni kama asilimia moja, na sehemu kubwa ya Waprotestanti ni hao wa milimani.

Mswahili wa Kisauni
Mimi Mwislamu, nasoma tu. Swali moja: hizo Kiingereza za bure vijijini, si chambo? Wakija kwetu na unga na madaftari, tunawaita wanunuzi wa roho.

Chaki na Vumbi
Swali la haki, ndugu yangu. Kwa wengine ni chambo, nimewaona: anayekuja ibadani anapata masomo, asiyekuja hapati. Shule niliyofundisha ilikuwa ya serikali na mkuu wa shule alikuwa anakwenda hekaluni. Somo halikuwa na sharti. Pale watoto wanapoanza kuhesabiwa kwenye ripoti za wafadhili, hapo nakubaliana na wewe.

Mswahili wa Kisauni
Nimekupata.

Mzee wa Kata
Asanteni, nimemchapishia kijana uzi wote. Chaki, nitakutafuta pembeni habari za yule mchungaji, nataka waonane. Walioniuliza kuhusu viza: ubalozi wa Thailand uko Nairobi, na viza ya kazi ya dini inahitaji barua ya taasisi inayotambuliwa na idara ya dini ya kule. Kwa Wakristo ni tano: Wakatoliki, Kanisa la Kristo Thailand, umoja wa makanisa ya kiinjili, Wabaptisti na Waadventista. Msiende na viza ya utalii mkaanza kuhubiri.